Upande Uliokatazwa Miti

Wapendwa, kaeni. Spika imekufa tangu wimbo wa pili na koo langu nalo limeanza kugoma, kwa hiyo leo hakuna kelele. Sogeeni mbele kidogo. Ninyi wa viti vya nyuma, sogeeni jamani, huku mbele hakuna anayeuma. Halafu fumbeni macho. Ndiyo, fumbeni. Wale mabingwa wa kusinzia ninapohubiri, leo ni siku yenu, nimewapa ruhusa. Ila msikorome.

Nataka mwone bonde. Ni asubuhi, ukungu umelala bondeni, kijito hamkioni, mnakisikia tu kikipita chini huko. Upande huu kuna mteremko na ng'ambo kuna mteremko, inatazamana. Udongo ni ule ule mwekundu, mvua ni ile ile. Msiniulize ni wilaya gani. Ni nchi ya mfano, lakini mkitulia vizuri mtasikia harufu ya moshi wa kuni, na mtadhani mmewahi kufika.

Upande huu aliishi mtu mweusi na mke wake na watoto wao, na baba zake walikuwa hapo kabla yake. Siku moja ng'ambo akahamia mtu mweupe. Msidhani alikuja na makuu. Alikuja na punda mmoja, sufuria, na mke mwenye kikohozi. Alikuwa mchapakazi, tusimnyime haki yake. Alfajiri, ukungu ukiwa bado haujaamka, jembe lake lilisikika ng'ambo, na jembe la mtu mweusi likasikika huku, moja likipiga na jingine likiitikia. Wake zao waliazimana moto, waliazimana chumvi. Sasa niambieni, mtu akisimama pale kijitoni katikati, akasikiliza majembe yale mawili, angewezaje kujua ni nani kati yao wajukuu wake watakuwa matajiri? Asingeweza. Hata malaika angekuna kichwa.

Kisha sheria ikaja. Akaja Bwana Shauri, yaani mkubwa wa serikali ya siku zile, juu ya farasi, na askari wake nyuma. Watu wakakusanywa, wakasomewa. Watu weupe wapande wanachotaka. Watu weusi wapande mahindi, maharage, viazi, vitu vya kuvunwa vikaisha. Lakini mtu mweusi asipande mti. Asipande kahawa, asipande msonobari, asipande kitu chochote chenye mizizi ya kukaa.

Yule baba akauliza, kwa adabu, kofia mkononi, "Bwana mkubwa, mti umekosa nini?"

Bwana Shauri akacheka, maana hakuwa mtu wa hasira. "Mti haujakosa kitu. Ila mtu akishapanda mti, keshokutwa anaanza kusema hapa ni kwangu, na mwanangu atakaa hapa. Sisi hatutaki maneno."

Mmesikia hiyo? Mimi kila nikifika hapo nakasirika upya, mtanisamehe. Maana mahindi ni ya mwaka huu. Unapanda, unakula, unashukuru, imekwisha. Mti ni wa mtoto. Yule bwana aliwaacha wale watu washibe wanavyoweza, akawazuia jambo moja tu, kumwachia mtoto kitu. Na alilisema akicheka, juu ya farasi, siku nzuri ya jua.

Yule baba hakukubali moja kwa moja. Mke wa jirani, yule wa kikohozi, alimpa miche michache ya kahawa, ameificha chini ya khanga kama mtu anayeiba. Baba akaipanda katikati ya mahindi. Ikashika, ikafika magotini, majani yanang'aa. Lakini mahindi si huvunwa? Yalipovunwa, miche ikabaki imesimama peke yake mbele ya macho ya dunia. Askari wakaja. Wakaing'oa, na nyumba wakaitia moto ili wengine wapate akili. Mtoto wa kike wa nyumba ile, bado mdogo wa kushika gauni la mama yake, alisimama akitazama paa la nyasi likiondoka na upepo, vipande vyekundu vikipanda juu na kuzimika.

Mama yake akamshika bega. Akawaambia watoto wote maneno ambayo watu wa upande ule waliyashika kuliko amri za Musa. "Kuanzia kesho, kabla hamjatia kitu mdomoni, piteni shambani. Kikiota chochote chenye shina la mti, ng'oeni."

Wakang'oa. Hapa ndipo mimi mwenyewe huona kama naota. Nawaona watoto wakitembea ndani ya ukungu, wameinama, mikono inapapasa majani yenye umande. Wanang'oa vimche vilivyoletwa na ndege. Wanang'oa kokwa la parachichi lililochipua jalalani. Wakimaliza wananawa mikono, wanakwenda kunywa uji. Wakakua hivyo, wakaoa na kuolewa, wakawafundisha watoto wao. Ile habari ya moto hakuna aliyependa kuitaja, ikasahaulika, kazi ya mikono ikabaki. Watoto waliozaliwa baadaye walijua tu kwamba sisi ndivyo tulivyo. Wakaongezea na yao: mche ukifika kifuani kwa mtu, kuna atakayekufa katika nyumba hiyo. Bibi arusi aliyeolewa kule alifundishwa kung'oa kabla hajaonyeshwa jiko liko wapi.

Na ng'ambo? Ng'ambo miti ilikua. Usiku na mchana ilikua, wenyewe wakiwa wamelala, wakiwa wanaugua, wakiwa kanisani. Kahawa ikajenga nyumba ya mawe. Misonobari ikawa mbao, mbao zikampeleka mtoto shule ya mbali, akarudi na kazi nzuri, akaongeza shamba. Mwaka wa njaa walikata miti kadhaa wakanunua chakula, mwaka wa shibe wakapanda mingine. Mizizi ikaushika udongo. Upande huu hapakuwa na cha kuushika. Kila masika udongo ulishuka kijitoni, na kilima kikakonda, hata ikafika mahali watu wanapalilia mawe.

Halafu siku njema ikaja. Sheria ikafutwa! Bendera mpya ikapandishwa, mkubwa mpya akasimama, akatangaza kwamba kuanzia leo watu wote ni sawa, kila mtu apande anachotaka. Vigelegele! Ng'ombe wakachinjwa, watu wakacheza mpaka vumbi likafunika jua. Na kesho yake asubuhi, wapendwa, kabla ya uji, waliamka wakaenda kung'oa miche.

Mnacheka. Haya, chekeni kidogo, halafu muache.

Miaka ikapita. Katika mfano huu sikumpa mtu jina, lakini sasa nitampa mmoja, kwa sababu nampenda. Aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjamzito, mume wake amekwenda mbali kutafuta kazi, naye aliishi na bibi yake katika nyumba ya mwisho, juu kabisa ya mteremko. Bibi huyo ndiye yule mtoto aliyeshika gauni la mama yake siku ya moto. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia, anakujua kwa kukugusa uso.

Nyuma ya nyumba yao kilima kilikuwa kimepasuka. Ufa ulianza kidogo, wa kuingiza kidole, sasa mtu aliweza kuingiza mkono mzima. Masika ikishuka kwa nguvu, nyumba inaondoka. Nakijwa alilijua hilo vizuri, alikuwa akilala nalo. Na alikuwa ameona ng'ambo jinsi mizizi inavyoshika ardhi. Basi akasema, bahati mbaya na iwe bahati mbaya, mimi napanda. Akapanda miche juu ya ufa. Kulipokucha haipo. Akapanda tena, haipo. Akawalaumu mbuzi, akagombana na watoto wa watu bure. Mwishoni akaamka mapema, akajikalisha kwenye ukungu, akangoja. Akamwona mtu anakuja ameinama, anapapasa ardhi kwa vidole, polepole, anaongea na nafsi yake.

"Bibi! Kumbe ni wewe?"

"Nyamaza, mjukuu wangu, watasikia. Nakuondolea balaa."

"Kina nani watasikia?"

"Wao."

"Bibi yangu, hao hawapo. Sheria ilifutwa mimi sijazaliwa. Si ulikuwepo wewe?"

Bibi akakaa chini kwenye umande, mche uko mkononi. "Nilikuwepo. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Lakini hii mikono, mama, hakuna aliyeiambia."

Ndipo akamsimulia habari ya moto, yote, na ukungu ukawa unainuka huku anasimulia. Nakijwa akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, maana maisha yake yote alidhani wazee wake hawapendi miti kwa ujinga tu. Kisha wakapanda pamoja, bibi akishindilia udongo kwa vidole vile vile. Walipomaliza bibi akauliza, "Hii itashika kilima lini?"

Nakijwa akaweka mkono tumboni. "Labda huyu akishakuwa mtu mzima."

"Na masika?"

Nakijwa alijifunga khanga vizuri, akateremka, akavuka kijito.

Jirani wa ng'ambo alikuwa mjukuu wa yule mwenye punda. Mtu mzuri, niaminini, mcha Mungu, anamsalimia kila mtu kwa jina. Nakijwa alimkuta barazani, kwenye kivuli cha miti ya babu yake, na upepo unapita juu kule kwenye misonobari kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

"Shikamoo, jirani."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, karibu chai."

Nakijwa hakukaa. Akamweleza habari ya ufa. "Nahitaji magogo ya kufunga ule ukingo, na watu wa kuyabeba, kabla mvua haijaanza."

"Pole sana, mama. Lakini hebu nikuulize, na usinielewe vibaya. Mbona upande wenu hampandi miti? Sheria sasa ni moja kwetu sote. Babu yangu alifika hapa na punda tu."

"Najua. Nyumbani kwetu ndiko alikoazima moto."

Jirani akatabasamu kwa aibu. "Ile sheria sikuiweka mimi, binti yangu. Sikuwa hata nimezaliwa."

"Hata mimi sikuwa nimezaliwa. Mbona kilima kinaniangukia mimi?"

Jirani akasema, "Nitakupa miche. Bure kabisa, mingi kadiri utakavyo."

"Miche ninayo, jirani. Ninachokosa ni ile miaka yote, na miaka yetu imesimama hapa kwako." Akaonyesha kwa mkono, juu, kwenye miti.

Jirani akatazama juu. Alitazama muda mrefu, na ndani ya moyo wake alijua kwamba huyu mwanamke anasema kweli. Mfano ni wangu, kwa hiyo nawaambia kwa hakika, alijua. Lakini mtu akizaliwa amekuta miti imesimama, kukata ni kama kujikata kidole. Akasema, "Unaniomba jambo kubwa. Nipe muda nifikiri. Nitaliombea."

Na aliliombea kweli. Alikuwa mwombaji mzuri kuliko wengi wenu.

Mvua ikafika kabla ya jibu. Ilianza mchana, taratibu, mvua ya kupendeza, ile inayowafanya watoto watoke nje wakinge midomo. Ikaendelea. Ilipokaribia jioni Nakijwa akasikia ardhi inaguna chini ya miguu yake. Akamweka bibi mgongoni, na tumbo lake lile kubwa mbele, akatoka naye. Walipofika kwenye njia wakageuka. Nyumba ilikuwa inaondoka. Haikuanguka, iliteleza, nzima, mlango umefungwa, polepole kama mtu anayekwenda kutembelea ndugu zake, ikashuka mpaka kijitoni na huko ikafunguka. Shamba likaifuata, na ile miche juu yake imesimama wima. Palipokuwa na kilima pakabaki mwamba, unang'aa kwa maji.

Jirani akaja mbio, amelowa, ana blanketi zito na chupa ya chai. Analia. Yalikuwa machozi ya kweli, sitaki mtu ayadharau. "Jamani! Laiti ningejua!"

Bibi akalipokea lile blanketi, maana baridi ilikuwa kali, akashukuru kama alivyolelewa. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa uso, akamtambua. Akamwambia, "Ulijua, baba. Ulikuwa unafikiri."

Fumbueni macho.

Naona wengine mnafuta machozi, na wengine mmeshamalizana na yule mzungu, mmemhukumu na kumzika. Mzee mmoja hapa mbele amesema "kabisa!" nikamsikia. Ni sawa. Babu zetu walikuwa upande uliokatazwa miti, hilo si la kubishana, na hasira hiyo ni halali yenu. Na yeyote anayewatazama watoto wa watu walionyang'anywa miaka, akawaita wavivu, akawaita wasiopenda maendeleo, mwambieni nimesema mimi: akanawe mdomo. Utajiri wa nyumba moja na ufukara wa nyumba ya pili havikuota vyenyewe. Kuna mtu alikaa juu ya farasi akapanga, kwa kuangalia ngozi, huyu aote mizizi na huyu asiote. Na siku sheria ilipofutwa, walioota mizizi walibaki nayo, na wasioota wakaambiwa hongereni.

Lakini kwa nini nimewasimulia leo? Mnafikiri ni kwa ajili ya wazungu? Wako wapi humu? Hebu mnionyeshe.

Niwaulize. Shamba la kanisa, lile la mteremkoni, nani alituachia? Wamisionari. Walipoondoka walituachia jengo hili, na kengele, na shamba, na watu wanaolima kwenye lile shamba. Na wale watu wanaruhusiwa kupanda nini? Wazee wa kanisa, mbona mnaangalia viatu? Mahindi na maharage. Mti marufuku. Wamisionari waliweka amri hiyo, na sisi, watoto wa Nakijwa, tuliokatazwa wenyewe, tumeishika mpaka leo hii. Juzi tu kamati yetu imemng'olea mama mmoja miparachichi yake, mbele ya watoto wake. Tukaelezana kikaoni kwa nini: akipanda mti, kesho atasema hapa ni kwake. Maneno yale yale! Farasi tu ndiye hatuna. Ngozi ya mwenye amri imebadilika, amri haikuguswa, na watoto wa mteremkoni wanaacha shule huku wetu wanasomeshwa na kahawa tuliyopanda sisi kwenye shamba lile lile la kanisa. Kisha kila Krismasi tunawapelekea blanketi na kupiga picha.

Nimepita kule jana. Ukingo juu ya nyumba zao umepasuka. Niliingiza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Sasa ninyi mmejua, na mimi nimejua, na hakuna mtu atakayetoka humu leo akasema laiti ningejua.

Msinijibu kwamba tutaliweka kwenye ajenda. Msiniambie tuunde kamati ndogo ya kufikiri. Amri ile inakufa leo, kabla ya sadaka, na aliye na pingamizi asimame aseme, akiwatazama wale akina mama watatu waliokaa karibu na mlango, kwa maana wao wanatoka huko.

Hakuna? Basi imekufa.

Lakini miche haifungi ukingo masika hii, mmeshaelewa hilo, siwezi kurudia. Nyuma ya kanisa kuna magogo na mbao tulizokusanya kwa ajili ya mnara mpya. Mungu alitusikia bila mnara siku zote hizi, naye hajalalamika. Katekista, leta ufunguo wa stoo. Vijana wa kwaya, kunjeni mikono ya mashati. Wenye viatu vya kisigino, mvivue, kule kuna matope.

Sala ya mwisho tutaisali mteremkoni. Mimi navua joho hili. Mzee uliyesema "kabisa", njoo ushike upande wa pili wa gogo.